Kaa mzima, gamba kubwa, ndani maji: nitamjuaje kabla ya kumpika?

Swali: Shikamoo mwalimu. Nina mgahawa mdogo Njiro, Arusha. Kila baada ya wiki mbili naletewa kaa wazima kutoka Tanga. Wanafika wakubwa, wanarusha magando, nami nalipa kwa kilo. Nikiwachemsha, karibu nusu yao ukivunja gando unakuta maji na kinyama chembamba. Wateja wanarudisha sahani. Kuna njia ya kumjua kaa mwenye nyama bila kumpasua? Nimesikia kuna mashine. Na nikianza kuleta kamba kochi na chaza, nitawapimaje?

Jibu:

Marahaba, mwanangu. Kabla ya mashine nataka tuelewane jambo moja, maana ukilishika hilo utaweza hata kubuni vipimo vyako mwenyewe. Huenda mchuuzi wako hakukuibia. Kaa aliyekuletea ni mzima, ana nguvu, na ukubwa wake ni wa kweli. Alichokosa ni muda.

Mbuzi hukua kidogo kidogo, nyama na mfupa pamoja. Kaa hawezi. Gamba lake halitanuki, kwa hiyo ili akue lazima alivue lote, hadi la ncha za miguu. "Kujivua gamba" tumezoea kukusikia majukwaani, lakini kwa kaa ni kazi nzito inayoweza kumuua. Kabla ya kulivua, nyama ya magando husinyaa ili iweze kupita kwenye viungo vyembamba. Akishatoka yu laini kama ngozi, hunywa maji mengi, mwili unavimba, gamba jipya linatanuka, kisha linaanza kukomaa. Hesabu sasa: una kaa mkubwa kuliko juzi, lakini nyama ni ile ile ya juzi, tena iliyosinyaa. Nafasi iliyobaki imejaa maji. Nyama itakuja kuijaza polepole, kwa wiki kadhaa, akipata chakula.

Ndiyo maana ukubwa wa gamba haukuambii kitu kuhusu nyama. Wala uchangamfu haukuambii. Kaa mtupu anaweza kukubana kidole vizuri sana. Kila kipimo nitakachokutajia hapa, cha kidole gumba au cha mashine ya mamilioni, kinamuuliza kaa swali moja tu: ulijivua gamba lini?

Hata kilo zinadanganya. Watu husema chagua kaa mzito kuliko ukubwa wake, na si ushauri mbaya, ila una kasoro. Nyama ya kaa ina uzito unaokaribia sana wa maji. Panapokosekana nyama pana maji, na mizani haitofautishi vizuri. Tofauti kubwa unayoipata mkononi inatoka kwenye gamba, kwa kuwa gamba changa bado halijapata madini ya kutosha na ni jepesi. Kwa hiyo ukiwashika kaa wawili wenye upana mmoja, wa jinsia moja, wote wakiwa na magando mawili kamili, aliye mwepesi waziwazi mtilie shaka. Usilinganishe dume na jike, kwa sababu dume aliyekomaa ana magando makubwa kuliko ya jike. Utawatofautisha kwa kile kifuniko cha tumboni: cha dume ni chembamba na kimechongoka, cha jike aliyekomaa ni kipana cha mviringo.

Anza na macho. Hapa ndipo wanunuzi wengi wa bara wanapokosea, na kosa lao naliona kila mara: wanachagua kaa mzuri. Kaa wa mikoko anayeng'aa, safi, chini mweupe kama sahani mpya, makucha yamechongoka na meno ya gando yako makali, huyo katoka kujivua gamba karibuni. Mwenye nyama mara nyingi ana sura ya mzee wa kazi. Tumboni ana madoa ya kahawia kama kutu, ncha za miguu zimelika, meno ya lile gando nene la kuvunjia yamesagika, na pengine viumbe vidogo vyeupe vigumu vimejigandisha mgongoni kama unavyoviona kwenye nguzo za gati. Hivyo haviwezi kuota juu ya gamba la wiki iliyopita. Ukimwona kaa wa namna hiyo, usimwache kwa sababu ya sura yake.

Kisha kidole gumba. Nchini Australia, ambako kaa wa mikoko huyu huyu (wanasayansi humwita Scylla serrata) ana biashara kubwa, kubonyeza gamba ndicho kipimo cha kila siku cha kupanga madaraja. Mgeuze kaa aliyefungwa vizuri, utafute bamba la chini la gamba, pembeni mwa miguu ya kutembea, upande wa nyuma. Bonyeza kwa gumba, kwa nguvu ya wastani. Likiwa kama jiwe, ni daraja la kwanza. Likibonyea kidogo na kurudi, nyama ipo ila haijajaa. Likibonyea kama chupa tupu ya maji ya kunywa, huyo bado hajafaa kupikwa. Fanya mara moja upande huu na mara moja upande ule, basi. Nimeona sehemu moja kila mtu dukani akibonyeza kaa yule yule, mpaka gamba likapasuka na kaa akavuja damu. Kaa aliyepasuka gamba hafiki kesho.

Kipimo cha tatu ndicho ninachokipenda, na hapo Arusha hamhitaji kufundishwa sana, kwa kuwa wafugaji wa kuku wanakifanya kila wiki: kumulika yai. Mtu anazima taa, anaweka tochi nyuma ya yai, anaona kama lina kifaranga au ni bovu. Kaa naye humulikwa. Watafiti wa Queensland, Australia, walilifanyia kazi wazo hilo hilo kwa kaa hai, kwa taa kali na vihisi vya mwanga. Sababu yake ni rahisi: nyuzi za nyama hutawanya mwanga na kuuzuia, maji huupitisha. Ingia stoo yenye giza, chukua tochi kali ya LED yenye kichwa kidogo, ibane kabisa kwenye ngozi ya mguu au upande wa ndani wa gando ambako gamba si jeusi sana, utazame upande wa pili. Mguu mtupu unawaka wote, kama taa ya chemli. Mguu uliojaa unabaki na kiini cheusi, mwanga unapenya pembeni tu. Usitegemee kuona kitu kupitia gamba la mgongoni, ni nene na lina rangi nyingi. Na usimwache kaa chini ya balbu ya moto ukitafuta uhakika.

Tochi hiyo hiyo inakusaidia kwa jike mwenye mayai ya ndani, yale mekundu ya rangi ya chungwa ambayo wateja wa Kichina hulipia zaidi. Wachuuzi wa Asia ya Kusini-Mashariki hukishusha kidogo kipande cha kwanza cha kifuniko cha tumbo, pale kinapokutana na gamba la mgongo, na kumulika uwazi huo. Chungwa iliyokolea inaonekana. Jike aliyebeba mayai nje, chini ya kifuniko, mimi simnunui kabisa, na nakuomba nawe umkatae. Hao ndio kaa wa miaka ijayo.

Kuna kipimo kimoja zaidi cha jikoni ambacho wachache wanakijua: kumpima kaa akiwa ndani ya maji. Mtundike kwenye mizani ya kuning'iniza, kwanza hewani, kisha akiwa amezama kwenye ndoo ya maji ya chumvi. Maji yaliyo ndani ya kaa hayaongezi kitu akiwa amezama, kwa hiyo kinachobaki kwenye mizani ni gamba na nyama tu. Kaa mtupu hupoteza sehemu kubwa zaidi ya uzito wake. Ila sehemu kubwa ya uzito wa ndani ya maji ni ya gamba, si ya nyama, kwa hiyo unapima zaidi ukomavu wa gamba, na hewa iliyonaswa kwenye matamvua huharibu hesabu. Mtikise kidogo mpaka mapovu yaishe. Kwa mgahawa wako ni kazi nyingi kuliko faida. Anayenunua mamia kwa siku anaweza kufikiria.

Sasa mashine, maana umeuliza. Zipo, na nyingi ni za maabara na viwanda vikubwa. Miale ya infraredi ya karibu ni mwanga usioonekana kwa macho, na maji, mafuta na protini kila kimoja huufyonza kwa namna yake. Mawimbi yake mafupi yanaweza kupenya gamba kiasi, na kifaa kikasoma kilichorudi. Tatizo haliko kwenye kifaa, liko kwenye kukifundisha: lazima upime kaa wengi, uwapasue, uwapime nyama, ndipo kifaa kijue namba gani ina maana gani. Ukinunua kilichofundishwa kwa kaa wa nchi nyingine, kitakupa namba nzuri zisizo na ukweli. Eksirei huonyesha kivuli cha nyama dhidi ya nafasi tupu na inafanya kazi vizuri, ila gharama na ulinzi wa mionzi vinaitoa kwenye uwezo wa mgahawa. Altrasaundi, ambayo kila mama mjamzito anaijua, inasaidia sana kwa samaki: wafugaji wa samaki aina ya stajoni, wanaotoa kaviari (mayai ya samaki huyo), huitumia kujua jinsia na hatua ya mayai bila kumpasua samaki. Kwa kaa ni dhaifu, kwa kuwa gamba lenye chokaa hurudisha mawimbi kabla hayajafika kwenye nyama. MRI, ile mashine ya sumaku ya hospitali kubwa, inaona maji na nyama kwa uwazi wa kushangaza, na bei yake unaikisia mwenyewe. Mtu akikujia Njiro na "mashine ya kupima kaa," mwombe awapime kaa kumi wako, aandike majibu, halafu wachemsheni wote mbele yake.

Kwa kamba kochi mambo ni mazuri zaidi. Naye hujivua gamba, naye huwa mtupu baada ya hapo, lakini kwake kuna kipimo kidogo cha bei nafuu ambacho biashara ya kamba wakubwa wa Kanada na ya kamba mawe wa Australia imekizoea: protini ya damu. Kamba aliyeshiba na kujaa nyama ana damu yenye protini nyingi. Aliyetoka kujivua, au aliyekaa tangini kwa muda mrefu bila kula, damu yake ni nyepesi. Tone moja linatosha kwenye rifraktomita, kijibomba kile kile wanachotumia watu wa juisi na matunda kupima utamu kwa kipimo cha Brix. Mwanga hupinda zaidi damu inapokuwa nzito, nawe unasoma namba. Damu huchukuliwa kwa sindano nyembamba kwenye ngozi laini ya shina la mguu wa nyuma. Usishangae ukiiona ya bluu, kwani wanyama hawa hubeba oksijeni kwa shaba, siyo kwa chuma kama sisi. Usome haraka kabla haijaganda. Sikupi namba ya kukatia daraja, kwa sababu kila aina ya kamba ina yake na kamba kochi wetu si yule wa Kanada. Utaipata kwa kuandika kumbukumbu, nitakueleza mbele. Na sindano ni sindano: mwache anayejua akuonyeshe kwanza, tumia mpya kila mara, na usimchome aliyekwisha kulegea. Kaa naye anaweza kupimwa hivyo, ila kwa kaa tochi na gumba vinatosha.

Umri wa gamba ni jambo moja, uchovu wa safari ni jingine, nao pia unapimika bila kisu. Watafiti hubandika kihisi kidogo cha infraredi juu ya gamba, mahali moyo ulipo, wakahesabu mapigo. Wengine hutumia kile kipimo cha asidi ya laktiki ambacho makocha wa riadha huwatobolea nacho wakimbiaji kidole, kwa kuwa kaa na kamba nao hujaza asidi hiyo wakikosa hewa. Wewe tazama haya: mguse jicho, alirudishe ndani upesi. Mnyanyue, miguu isining'inie kama uzi uliolegea. Kamba kochi akunje mkia kwa nguvu. Povu la kudumu mdomoni maana yake anahangaika kuyalowesha matamvua. Harufu kali ya mkojo ndani ya tenga ni dalili mbaya kwa tenga zima, toa wote, kagua mmoja mmoja. Aliyekufa njiani ni wa kutupa, hata kama alikuwa daraja la kwanza Tanga.

Chaza nitakueleza kwa kifupi, kisha nikuonye kwa urefu. Chaza hai hufunga akiguswa. Anayebaki wazi, mtupe. Wawili uwagonganishe: sauti nzito kama ya mawe inaonyesha kajaa na ana maji yake, sauti ya kopo tupu inaonyesha maji yamevuja au ndani hamna kitu. Kome na kombe ni vivyo hivyo. Mmoja mzito kupita kiasi kati ya wenzake, mweke kando umfungue peke yake, huenda ndani ni tope tupu. Unene wa nyama yake hauujui kwa nje. Fungua watatu wanne wa kila mzigo, wakuwakilishie wengine, usione hasara.

Onyo lenyewe ni hili. Hakuna gumba, tochi, sauti wala rifraktomita inayoonyesha bakteria, virusi au sumu ya mwani mdogo usioonekana kwa macho. Chaza hula kwa kuchuja maji, na hukusanya ndani yake kilichomo kwenye maji hayo, kinyesi cha mji kikiwemo. Chaza mnono, mzito, anayefunga vizuri anaweza kuwa na sumu, na sumu za mwani huo haziondoki kwa kuchemsha. Usalama wa chaza unaamuliwa na maji alikotoka. Kama mchuuzi hawezi kukuambia ametolewa wapi, na huko kuko mbali kiasi gani na mfereji wa majitaka, mimi nisingemweka mezani, mbichi ndiyo usithubutu.

Turudi kwa kaa wako njiani. Kutoka Tanga kupita Segera, Korogwe, Same na Moshi hadi Arusha ni zaidi ya kilomita 400. Kaa anavumilia hilo akiwa hewani, amefungwa, amefunikwa gunia lililoloweshwa maji ya chumvi, kwenye joto la nyuzi 16 hadi 20 hivi. Bondeni jua la Same na Mwanga linamkausha. Akifika kwako mwezi wa saba, baridi ya usiku ya Arusha inaweza kumshusha chini ya kiasi anachokiweza, kwa hiyo usimlaze barazani. Kosa kubwa kuliko yote ni la huruma: mtu anawaona wamechoka, anawatumbukiza kwenye ndoo ya maji ya bomba. Maji hayo hayana chumvi, pengine yana klorini, na ndoo isiyo na pampu ya hewa kaa kumi wanaimaliza oksijeni upesi. Kwenye mita 1,400 juu ya usawa wa bahari maji yenyewe yanashika oksijeni pungufu kwa takriban asilimia 15 kuliko pale Tanga. Gunia bichi ni bora kuliko ndoo.

Kipimo kikubwa kuliko vyote ni daftari. Kwa mizigo miwili mitatu ijayo, bandika namba kila kaa kwa utepe. Andika jinsia, upana kwa rula kutoka mwiba hadi mwiba, uzito, jibu la gumba (gumu, kiasi, laini), jibu la tochi, na sura ya tumbo, safi au kutu. Akiiva, pima nyama iliyotoka. Ukifikisha kaa 30 utaona mwenyewe ni kipimo kipi kinakuambia ukweli kwa kaa wa mtu wako, na mpishi wako atakuwa ameshazoea mkono. Kwa kamba kochi fanya hivyo hivyo na namba za Brix, ndipo utapata mpaka wako.

Halafu daftari hilo lisafiri kwenda Tanga. Upangaji wa madaraja ufanyike kule, kwenye mikoko, siyo Njiro, kwa sababu kaa mtupu akishafika Arusha hana pa kurudi. Huko pwani anarudishwa kwenye kizimba, analishwa mabaki ya samaki wiki mbili hadi nne, na anauzwa amejaa. Wapo watu Tanga na Mtwara wanaofanya kazi hiyo ya kunenepesha kaa. Mchuuzi wako atakuambia kwamba kaa hujaa au kupungua kwa bamvua (bahari inapojaa na kupwa sana) na maji mafu (inapojaa na kupwa kidogo). Msikilize, wavuvi wana macho, lakini bado mwambie abonyeze. Mpe bei mbili: moja nzuri, ya juu kuliko unayolipa sasa, kwa aliye mgumu na mwenye tumbo la kutu, na ya pili ni sifuri kwa anayebonyea. Mtumie tochi moja ya LED pamoja na magunia matupu yanaporudi, na mkubaliane kwa simu, kaa akiwa mkononi mwake, kabla hajamfunga.